TONE LA MAJI: UDOGO WAKE NA NGUVU ZAKE

Ni vitu vichache vionekanavyo kuwa dhaifu kama tone la maji. Mtu hulifuta kwa kidole, jua hulikausha kwa dakika chache, na mtoto hulipuliza likapotea. Hata hivyo tone hili hili ndilo lijazalo mito, ndilo liletalo upinde wa mvua angani, na katika siku mbaya ndilo livunjalo udongo wa shamba na kuufungulia njia ya kwenda baharini. Watu wenye maarifa wamelichunguza kwa miaka mingi, wengine katika vyumba vyenye mitambo ya thamani, na wengine kwa sinia la unga au beseni la jikoni tu. Waliyoyavumbua yanamhusu kila mwenye shamba, kwa sababu yanaeleza kwa nini mvua ile ile humneemesha mkulima mmoja na kumfukarisha jirani yake.

KWA NINI TONE HUWA LA MVIRINGO

Maji yamefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli. Kila molekuli huvutana na jirani zake. Ile iliyo katikati ya maji huvutwa pande zote sawasawa. Lakini ile iliyo juu, mahali maji yanapokutana na hewa, haina jirani wa maji upande wa juu. Basi huvutwa ndani na kando tu. Kwa sababu hiyo uso wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, nao siku zote hutaka kujipunguza uwe mdogo iwezekanavyo. Katika maumbo yote, lile lenye uso mdogo kabisa kwa kiasi cha kitu kilichomo ndani yake ni umbo la gololi. Ndiyo maana tone dogo hujikunja likawa mviringo.

Jambo hili laweza kuhakikishwa nyumbani bila gharama. Bilauri na ijazwe maji mpaka ukingoni, kisha maji yaongezwe tone kwa tone. Itaonekana ya kuwa maji yanainuka juu ya ukingo kama kilima kidogo, wala hayamwagiki upesi. Sindano kavu ikilazwa taratibu juu ya maji yaliyotulia huelea, ijapokuwa chuma ni kizito kuliko maji. Na ni kwa sababu ya ngozi hiyo hiyo wadudu fulani hutembea juu ya madimbwi bila kuzama. Lakini likitiwa tone moja la maji ya sabuni, sindano huzama mara moja, kwa kuwa sabuni huilegeza ngozi ya maji.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulipima jambo hili kwa makini alikuwa mwanamke mmoja wa Kijerumani, Agnes Pockels, wa mji wa Braunschweig. Katika ujana wake wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika vyuo vikuu vya huko, naye alikaa nyumbani akiwatunza wazazi wake na kuangalia kazi za jikoni. Alitengeneza beseni refu la bati, akapima kwa mizani ndogo nguvu inayohitajika kukibandua kifungo kutoka juu ya maji, kwanza maji yakiwa safi, kisha yakiwa yametiwa mafuta na vitu vingine. Mwaka wa 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh, bingwa mkubwa wa sayansi huko Uingereza. Bwana huyo alipoona ubora wa kazi ile aliipeleka katika gazeti la sayansi liitwalo Nature, nayo ikachapishwa mwaka huo huo. Mwaka wa 1932 chuo cha ufundi cha mji wake kilimpa bibi huyo shahada ya heshima ya udaktari.

Faida ya maarifa hayo inaonekana kila siku. Maji matupu hujikusanya juu ya nguo yenye mafuta, lakini yakitiwa sabuni huenea na kupenya katika nyuzi na kuuondoa uchafu. Vivyo hivyo mkulima anyunyiziaye kabichi dawa ya wadudu huona matone yakibingirika juu ya majani na kuanguka chini, kwa kuwa jani la kabichi lina nta. Ndiyo sababu dawa nyingi za kunyunyizia huchanganywa na kitu cha kulegeza ngozi ya maji, ili matone yatandae juu ya jani na kushika.

JANI LISILOLOWA, NA UMANDE WA ASUBUHI

Jani la majimbi, ambayo katika sehemu za juu za Kenya wengi huyaita nduma, lina ajabu kuliko la kabichi. Maji yakimwagwa juu yake hugawanyika kuwa shanga zing'aazo, zikakimbia huku na huku na kuliacha jani kavu kabisa. Ukilitazama jani hilo kwa darubini ya kukuza vitu vidogo, utaona ya kuwa limejaa vinundu vidogo mno vilivyopakwa nta. Tone hukaa juu ya ncha za vinundu hivyo, na chini yake hubaki hewa. Kwa hiyo haliwezi kulishika jani. Tone linapobingirika huchukua vumbi pamoja nalo. Wataalamu wawili wa Kijerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, waliandika habari kamili za majani ya namna hii mwaka wa 1997, na tangu hapo viwanda vimeiga mfano huo katika kutengeneza rangi za kuta na nguo zisizoshika maji.

Umande nao huwadanganya wengi. Watu hudhani kwamba umande huanguka kutoka mbinguni kama mvua, lakini sivyo. Usiku usio na mawingu, majani na mabati hutoa joto lao likapotea angani, yakawa baridi kuliko hewa iliyoyazunguka. Mvuke uliomo hewani ukiyagusa hupoa na kugeuka kuwa maji, kama vile chupa iliyotoka mahali pa baridi inavyotoka jasho. Tena si kila tone la asubuhi ni umande. Yale matone manene yanayoning'inia katika ncha za majani ya mahindi machanga na ya nyasi mara nyingi yametoka ndani ya mmea wenyewe. Mizizi huendelea kunyonya maji usiku, na yanayozidi husukumwa nje kwa vitundu vidogo vilivyo katika ncha na kingo za majani.

Umbo la mviringo ndilo pia liletalo upinde wa mvua. Mwanga wa jua huingia ndani ya tone, hupinda, hupiga ukuta wa nyuma wa tone na kurudi, kisha hupinda tena unapotoka. Kwa kuwa kila rangi hupinda kwa kiasi chake, rangi zilizokuwa zimechanganyika katika mwanga mweupe huachana. Mwanzoni mwa karne ya 14 mtaalamu wa Kiajemi, Kamal al-Din al-Farisi, alijaza maji katika tufe la kioo liwe mfano wa tone kubwa, akaufuata mwanga ulivyopita ndani yake. Mtu atakaye kuuona upinde na alipe jua kisogo na kuitazama mvua iliyo mbele yake. Jua likiwa juu sana angani, kama wakati wa adhuhuri, upinde hauonekani, kwa kuwa unakuwa chini ya upeo wa macho.

SAFARI YA TONE KUTOKA WINGUNI

Mpaka hapa tone limetazamwa likiwa limetulia. Sasa na litazamwe likianguka, maana hapo ndipo ukubwa wake unapokuwa jambo la maana kupita yote.

Wingu si moshi wala si mvuke mtupu. Limefanyika kwa matone madogo mno, na kwa kawaida upana wa kila moja ni kama sehemu 2 za milimita moja iliyogawanywa mara 100. Tone la namna hiyo huanguka polepole sana, karibu sentimita moja tu kwa sekunde. Kama lingeshuka mita 1,000 katika hewa iliyotulia, lingechukua zaidi ya siku nzima, na kabla ya kufika chini lingekwisha kukauka. Ndiyo maana wingu huelea, na ndiyo maana mawingu mengi hupita bila kuacha mvua.

Ili mvua inyeshe, matone hayo hayana budi kukua. Katika mawingu mengine hugongana na kuungana. Katika mawingu marefu yanayofika penye baridi kali, chembe za barafu hukua kwa kuuchukua mvuke uliotoka katika matone, kisha huyeyuka zinaposhuka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina hesabu kubwa: tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2 lina maji sawa na matone milioni moja ya wingu.

Wachora picha wengi huchora tone la mvua likiwa na kichwa kinene chini na ncha kali juu, kama chozi. Umbo hilo halipo katika mvua. Tone lenye upana usiozidi milimita 2 hivi ni la mviringo. Likizidi hapo, hewa inayolisukuma kutoka chini hulibonyeza, likawa bapa chini na kubinuka juu, kama mkate mdogo wa mviringo. Likikua zaidi ya milimita 5 au 6, ngozi yake hushindwa kulishika, likapasuka vipande vipande. Mjerumani Philipp Lenard alilionyesha jambo hilo mwaka wa 1904 kwa mtambo uliopuliza hewa kwenda juu, matone yakaelea ndani yake kama yanavyokuwa angani.

Mwaka huo huo wa 1904, habari za ukubwa wa matone ya mvua zilitolewa na mtu asiyekuwa na mtambo wowote wa namna hiyo. Alikuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa, Wilson Bentley, wa kijiji cha Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata nyumbani kwa mama yake. Bentley alitia unga laini wa ngano katika chombo kipana, akautoa nje mvuani kwa sekunde chache, akaurudisha ndani. Kila tone lilifanya kidonge cha unga, na vidonge vilipokauka alivipima. Ili asijidanganye, aliangusha ungani matone ambayo ukubwa wake alikuwa ameupima kwanza, akalinganisha. Kwa njia hiyo aliweza kupima matone ya mvua za namna nyingi. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtoto yeyote wa shule mwenye sinia na kikombe cha unga, naye ataona kwa macho yake ya kuwa mvua ya manyunyu na mvua ya ngurumo si kitu kimoja.

PIGO LA TONE

Kama hewa isingekuwapo, tone lililoanguka kutoka mita 2,000 lingefika chini kwa kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde, na mvua ingekuwa adhabu. Lakini hewa hulizuia tone, hata kasi yake ikafika mahali isizidi tena. Tone la manyunyu lenye upana wa nusu milimita hushuka kwa kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde, lile la milimita 2 kwa mita 6 na nusu, na lile la milimita 5 kwa mita 9. Hii ya mwisho ni zaidi ya kilomita 30 kwa saa, kama kasi ya mpanda baisikeli anayeteremka mlima.

Hebu na tulinganishwe tone la nusu milimita na tone la milimita 5. Upana umezidi mara 10, basi uzito umezidi mara 1,000. Kasi imezidi mara nne na nusu, na nguvu ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kasi kuzidishwa kwa kasi yenyewe, yaani karibu mara 20. Kwa hiyo tone kubwa hupiga ardhi kwa nguvu zipatazo mara 20,000 ya zile za tone dogo. Mvua mbili zaweza kujaza kipimo sawasawa, lakini moja ikawa imeinywesha ardhi na nyingine ikawa imeipiga kwa nyundo.

Mwingereza Arthur Worthington alikuwa mmoja wa waliotangulia kupiga picha za pigo hilo, akitumia mwanga wa cheche ya umeme uliodumu kitambo kidogo mno. Kitabu chake cha mwaka 1908 kinaonyesha jinsi tone liangukiapo maji linavyoinua ukuta wa duara wenye ncha nyingi, mfano wa taji la mfalme. Ni sura nzuri ya kutazama. Lakini tone likiangukia udongo mtupu uliolowa, taji hilo hufanyika kwa matope.

Alama zake ziko kila mahali. Baada ya mvua kubwa, ukuta wa nyumba iliyozungukwa na ardhi tupu huonekana umepakwa udongo kwa chini. Majani ya maharagwe na ya sukuma wiki huwa na matope upande wa chini, upande ambao mvua haikuugusa. Na palipo na changarawe, vijiwe huonekana vimekaa juu ya nguzo fupi za udongo. Kijiwe kilikinga udongo ulio chini yake, na ule wa pembeni ukaondolewa na matone. Katika shamba la mteremko udongo uliorushwa hutua zaidi upande wa chini kuliko wa juu, na hivyo kila tone huusogeza kidogo kuelekea bondeni.

Lakini hasara kubwa haiko katika kurushwa huko. Matone huyavunja mabonge ya udongo yakawa vumbi laini, na vumbi hilo huziba matundu ambayo maji yangepitia kwenda chini. Jua likitoka, uso wa shamba hukauka ukawa ganda gumu, hata mbegu hushindwa kulitoboa. Mvua ya pili ikija haipati mlango wa kuingilia. Hukimbia juu ya ardhi, ikikusanya ule udongo uliokwisha kulegezwa, nao ndio udongo wa juu wenye rutuba. Hivyo mkulima hupoteza vitu viwili kwa mara moja, yaani udongo wake na maji yake. Kisha wiki mbili baadaye hulalamika ya kuwa mahindi yananyauka, hali mvua ilinyesha ya kutosha.

WAVU WA MBU KATIKA SHAMBA

Je, ni maji yakimbiayo yaletayo madhara zaidi, au ni pigo la matone? Swali hilo lilijibiwa vizuri katika miaka ya 1950 na mtaalamu Norman Hudson katika kituo cha utafiti cha Henderson, Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Alichukua vipande viwili vya ardhi vilivyo sawa, akaviacha vyote bila mmea wowote. Juu ya kimoja alitandaza wavu mwembamba kama ule wa kuzuia mbu, ukiwa umeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Wavu haukuzuia mvua. Maji yale yale yalifika chini. Kazi yake ilikuwa kuyavunja matone makubwa yawe manyunyu tu.

Udongo uliochukuliwa na maji ulikusanywa na kupimwa mwaka baada ya mwaka. Kipande kisicho na wavu kilipoteza udongo zaidi ya mara 100 ya kile kilichofunikwa. Udongo ulikuwa mmoja, mteremko mmoja na mvua moja. Lililobadilika ni pigo la tone peke yake.

Hakuna mkulima atakayefunika shamba lake kwa vyandarua, wala haihitajiki. Kazi ile ile hufanywa na nyasi zilizotandazwa, na mabua ya mahindi yaliyolazwa kati ya mistari, na majani ya viazi vitamu, maboga au maharagwe yaliyotambaa juu ya ardhi. Apandaye mapema huwahi kuifunika ardhi kabla mvua haijawa kali. Ni kweli kwamba mabua yanatakiwa pia na ng'ombe na jiko, na mchwa nao hudai sehemu yao. Lakini hata kama ni sehemu tu ya mabua inayoachwa shambani, ni bora kuliko kuyachoma yote moto.

Yafaa kukumbuka mambo mawili ambayo mara nyingi husahauliwa. La kwanza, matuta yaliyochimbwa kukata mteremko, kama yale mengi yaonekanayo Machakos, huyazuia maji yakimbiayo, lakini hayalizuii tone linaloangukia nafasi iliyo kati ya tuta na tuta. Matuta na kifuniko cha ardhi ni ndugu wawili, wala mmoja hawezi kufanya kazi ya mwenzake. La pili, mti mrefu peke yake si kinga. Matone madogo hukusanyika juu ya majani mapana, yakaungana, kisha yakaanguka yakiwa makubwa kuliko yalivyotoka winguni; na tone likianguka kutoka mita 8 au 9 hupata karibu kasi yake yote. Kinachoilinda ardhi ya msituni ni ile takataka ya majani makavu iliyolala chini pamoja na mimea mifupi. Anayefagia na kuchoma majani chini ya miti ya shamba lake ameondoa ngao na kuacha mkuki.

Mkulima atakaye kujua hali ya shamba lake hahitaji kipimo cha gharama. Na asimamishe ubao safi katikati ya shamba kabla ya mvua kubwa, na mwingine mahali palipotandazwa nyasi, kisha avitazame vyote viwili mvua itakapokwisha. Kimo cha matope juu ya kila ubao kitamwonyesha mahali ambapo matone yanaupiga udongo wake, na mahali ambapo yanaingia ardhini kwa amani.